PIKIPIKI KUBWA NI KAZI MPYA



Tangu mwanzo wa mwaka huu barua za wenzetu waendesha pikipiki zimezidi kufika ofisini, na karibu zote zasema jambo moja. Matajiri wanauza zile pikipiki ndogo za CC 100, na mahali pake wanaleta za CC 150, na wengine za CC 200 za miguu mirefu zilizofanywa kwa njia za mashamba. Matarishi, wasoma mita, wapeleka vifurushi, wote wanaitwa ofisini mmoja mmoja, wanatia sahihi katika kitabu, wanapewa ufunguo. Wengi waliotuandikia wana furaha, nasi hatumlaumu mtu kwa kufurahi. Aliyepanda mlima wa kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru juu ya CC 100, mzigo nyuma, gia ya pili, lori la kuvuta trela likipiga honi mgongoni pake, anajua kwa nini mtu hutamani injini yenye nguvu. Pikipiki inayokwenda polepole mno kati ya malori ina hatari yake yenyewe. Kwa hiyo mtu asije akasema kwamba Chama kinapinga pikipiki kubwa.

Tunalopinga ni hili: kwamba mtu hupewa chombo kingine cha kazi siku ya Ijumaa jioni, na Jumatatu asubuhi hutazamiwa kufanya kazi nacho kana kwamba ni kile cha zamani kilichopakwa rangi mpya.

Mwenzetu mmoja wa tawi moja la bara aliendesha CC 100 kwa miaka sita na hakuanguka hata mara moja. Alipewa ya CC 200. Siku ya tatu aliingia katika kona ya murram aliyoipita kila siku ya kazi kwa miaka hiyo sita. Pikipiki yake ya zamani ilikuwa ikipiga kelele akifika mwendo wa 50, na kwa kelele ile alijua kwamba amefika kiasi. Hii mpya ilikuwa kimya. Alipotupa jicho kwenye saa ya mwendo kona ilikuwa imekwisha kufika, naye akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu kama alivyozoea. Gurudumu likafunga, likateleza, akavunjika mtulinga. Alipolazwa, swali la kwanza lililotoka kwa tajiri lilikuwa nani atalipa taa ya mbele.

Hatuwezi kusema kwamba mwenzetu alikuwa mzembe. Alifanya kila kitu sawasawa kama alivyofundishwa na pikipiki ndogo. Hapo ndipo penye shida. Pikipiki ndogo ni mwalimu mzuri, lakini humfundisha mtu mambo yanayofaa pikipiki ndogo, na miaka ikiwa mingi mafundisho hayo huingia mikononi na miguuni, hayangoji tena kuulizwa na kichwa.

Tuchukue habari ya nguvu. Boxer ya 100 ina nguvu za farasi kama 8, na ile ya 150 ina kama 12. Mtu atasema, farasi wanne ni nini? Ni nusu ya wale wa kwanza kuongezwa juu yao. Lakini si farasi wanaomwua mtu. Ni mwendo, na mwendo hauongezi hatari kwa kipimo kile kile unachoongezeka wenyewe. Pikipiki inayohitaji mita 10 kusimama kutoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa itahitaji zaidi ya mita 22 kutoka mwendo wa 60, barabara ikiwa ile ile na breki zile zile. Mwendo umezidi kwa nusu, na njia ya kusimama imezidi mara mbili na robo. Tena hizo ni mita za baada ya kushika breki. Kabla ya hapo mtu huona, hutambua, mkono hufika. Hiyo ni kama sekunde moja, na kwa mwendo wa 60 sekunde moja ni mita 16 na zaidi. Mtoto anayevuka barabara hajui kwamba mwaka huu umebadilishiwa pikipiki.

Sasa breki zenyewe. Wengi wetu tulijifunza kwa mguu. Tuliambiwa na waliotutangulia kwamba breki ya mbele humtupa mtu juu ya usukani, basi tukaiacha, na katika pikipiki ndogo isiyo na mbio mtu aweza kuiacha miaka mingi asipatwe na jambo. Lakini pikipiki inapofungwa breki uzito wote hukimbilia mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa chini likashika barabara. La nyuma hubaki jepesi, na gurudumu jepesi huteleza. Kwa hiyo juu ya lami kavu kazi kubwa ya kusimamisha ni ya breki ya mbele, na asiyeitumia ametupa sehemu kubwa ya breki zake. Kisha huja kosa la pili kinyume cha la kwanza. Pikipiki ya zamani ilikuwa na breki ya ngoma mbele, yenye waya, ya kukamua kwa mkono wote. Baadhi ya hizi mpya zina breki ya diski, na diski hushika kwa vidole viwili. Mtu akiikamata kwa hofu, kwa mkono wote kama alivyokamata ngoma, hasa penye mchanga au maji, gurudumu la mbele hufunga, naye yuko chini kabla hajajua. Mmoja haitumii, mwingine anaitumia kama nyundo, na wote wawili waliendesha miaka sita bila kuanguka.

Zile za miguu mirefu zina jambo lake jingine, nalo ni dogo mpaka likupate. Kiti kiko juu. Mtu wa kimo cha wastani akisimama hugusa ardhi kwa ncha za vidole tu. Penye tambarare si kitu. Akisimama ubavuni mwa kilima na sanduku limejaa nyuma, akashusha mguu upande wa bonde, mguu haukuti kitu, na pikipiki humwangukia pajani. Hakuna kitabu cha duka kinachoandika jambo hilo. Lajulikana kwa kujaribu, na twasema lijaribiwe uwanjani, sanduku likiwa tupu, si kazini.

Nchi za Ulaya zimekwisha kuliwekea jambo hili sheria. Tangu tarehe 19 Januari 2013 leseni zao za pikipiki zina ngazi. Kijana huanza na isiyozidi CC 125 na kilowati 11. Hupanda mpaka isiyozidi kilowati 35. Akiisha kukaa na hiyo miaka miwili, akafundishwa au akajaribiwa tena, ndipo hupewa ruhusa ya kubwa kupita hizo. Na asiyetaka kupita ngazi hungoja mpaka awe na umri wa miaka 24. Tajiri mmoja tuliyemweleza hayo alicheka, akasema kwamba pikipiki zetu za farasi 12 huko Ulaya ni za wanafunzi. Ni kweli. Lakini mwanafunzi wa Ulaya hapelekwi na sanduku la mizigo kwenye murram mwezi wa nne, wala hahesabiwi dakika za kufika. Hatuombi kilowati zao. Twaomba akili iliyo ndani ya sheria yao, kwamba mtu akipanda ngazi hufundishwa kwanza. Kwetu leseni ya A3, ambayo ni ya wapeleka abiria na vifurushi, haimwulizi mtu kama ametoka 100 kwenda 150 au kwenda 250. Serikali isipouliza, basi Chama kitauliza.

Sasa twaja kwenye mfuko, maana pikipiki kubwa hula. Mtu anayekwenda kilomita 120 kwa siku kwa pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa lita hutumia lita 2.4. Akipewa inayokwenda kilomita 40 kwa lita atatumia lita 3. Tofauti yaonekana ndogo, lakini kwa siku 26 za kazi ni lita 15.6, nazo hulipwa kwa fedha. Katika barua tulizopokea, wenzetu watatu waandika kwamba posho ya mafuta ni ile ile ya CC 100. Yaani mfanyakazi ameletewa pikipiki ya kupeleka mizigo mingi zaidi ya tajiri, na mafuta ya kuzidi anayalipa mwenyewe! Mmoja wao ameanza kuzima injini akiteremka milima ili aokoe petroli. Twamwomba, kwa jina la watoto wake, aache leo. Injini ikiwa kwenye gia huizuia pikipiki mteremkoni. Ikizimwa na klachi ikishikwa, kazi yote huachiwa breki, na breki zikipata moto huchoka.

Kuna na habari ya mshahara. Katika amri ya Serikali ya mishahara ya chini, dereva wa gari la kadiri ana kima chake, na dereva wa lori kubwa ana chake kilicho juu zaidi. Hakuna anayeona ajabu. Chombo kikubwa, mzigo mkubwa, hatari kubwa, mshahara mkubwa. Kwa nini fikira hiyo ikome mtu akiwa na magurudumu mawili? Tajiri mwenyewe ameleta pikipiki kubwa kwa sababu anataka sanduku kubwa na safari nyingi. Akikana kwamba kazi imezidi, na atuonyeshe hesabu za vifurushi vya kabla na vya baada.

Halmashauri imekubali kupeleka maneno haya kwa waajiri wote tulio na mapatano nao. Mtu asibadilishiwe pikipiki bila siku mbili za mafundisho, siku hizo zihesabiwe ni siku za kazi na zilipwe. Siku ya kwanza bila mzigo, ya pili na mzigo. Posho ya mafuta ipimwe upya kwa kujaza tangi na kuhesabu kilomita za juma zima, si kwa kukisia. Kofia na koti la kumulika vitolewe na mwenye pikipiki. Na juu ya mafundisho hatuombi hisani: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mafunzo na maelezo ya kazi yake. Mashine mpya kiwandani haiwashwi na mtu asiyeonyeshwa. Pikipiki nayo ni mashine, tofauti yake ni kwamba hukimbia.

Akiumia mtu, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, yamlinda. Amwarifu mkubwa wake upesi, na mwajiri apaswa kupeleka habari kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7. Yule mwenzetu wa mtulinga hakujua hilo, akakubali kukatwa bei ya taa. Fedha hiyo imerudishwa baada ya karani wa tawi kwenda kuzungumza.

Tumesema ya matajiri; yafaa tuseme na ya kwetu. Wako wenzetu, hasa vijana, wanaoona haya kuonekana steji juu ya CC 100 wakati rafiki zao wamepanda 150 na kupita. Hao huenda kukopa. Pikipiki ya mkopo hailali, kwani malipo ni ya kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na mwenye deni huendesha usiku akiwa amechoka, juu ya pikipiki asiyoizoea bado. Kama yako ndogo inakupa riziki na barabara zako ni za tambarare, kaa nayo umalize deni la kwanza. Kama ni lazima ubadilishe, basi mwezi wa kwanza usipakie zaidi ya ulivyokuwa ukipakia. Nenda uwanjani asubuhi ya Jumapili, shika breki ya mbele kidogo kidogo mara hamsini mpaka mkono ujue. Mwenye kucheka atacheka asubuhi moja tu.

Mkutano wa matawi utakuwa mwezi ujao, nasi twataka tuingie tukiwa na hesabu mkononi. Kila aliyebadilishiwa pikipiki tangu Januari aandike CC ya zamani na ya sasa, posho ya mafuta ya zamani na ya sasa, vifurushi au mita alizopewa kwa siku kabla na baada, na kama alifundishwa, kwa siku ngapi, na kama alilipwa siku hizo. Walioanguka waandike hata kama hawakuumia. Karatasi zipewe karani wa tawi; asiyeweza kuandika na amwambie karani kwa mdomo, ni kazi yake kuandika. Jina liwemo, kwa sababu karatasi isiyo na jina haitusaidii mezani, lakini tajiri ataonyeshwa hesabu peke yake.