Kazi ya Mwalimu wa Dini



Wazazi wenye kijana wa akili hupenda awe karani, fundi au mganga. Lakini akisema anataka kuwa katekista, na baadaye kusimamia mafundisho ya dini katika parokia nzima, baba hunyamaza, na mama huuliza, "Utakula nini, mwanangu?" Swali hilo si la utani. Leo twataka kulijibu.

Tukumbuke kwanza jinsi imani ilivyofika pwani yetu. Mapadre Weupe walifungua misioni ya Mulweba, kwa Wamasanze, mwaka 1880, na ile ya Kibanga mwaka 1883. Walikuwa wachache mno. Na pale Rumonge, ng'ambo ya ziwa, watatu wa msafara wao waliuawa mwaka 1881. Kardinali Lavigerie aliona mapema ya kuwa Waafrika watafundishwa vema na Waafrika wenzao. Basi aliwasomesha huko Malta vijana waliokombolewa utumwani, wapate kuwa waganga na makatekista. Mmoja wao, Adrien Atiman, alifika Karema, upande wa mashariki wa ziwa, mwaka 1889, akakaa huko mpaka alipokufa mwaka 1956. Tena Kardinali aliagiza kwamba mwenye kutaka ubatizo ajaribiwe muda wa miaka 4. Bila katekista, nani angewafundisha watu hao kijiji kwa kijiji?

Jimbo letu la Uvira lilizaliwa mwaka 1962. Miaka miwili baadaye, tarehe 28 Novemba 1964, Wasaveri Luigi Carrara, Vittorio Faccin na Giovanni Didonè, pamoja na Padre Albert Joubert, waliuawa Baraka na Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa wenye heri hapa Uvira. Twawaheshimu, na ni haki. Lakini tujiulize: padre akiondolewa, nani awafundisha watoto kufanya ishara ya msalaba? Nani asali na mgonjwa? Mara nyingi ni mwalimu wa dini, ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Na msimamizi wa walimu hao ana kazi kubwa zaidi. Huwachagua, huwafundisha, huwapangia masomo, huwapima wakatekumeni kabla ya ubatizo, na hutunza daftari. Leo yu uwandani mwa Ruzizi, kesho apanda milimani kwa miguu. Hana budi kujua Maandiko Matakatifu, na kujua watu pia.

Basi atakula nini? Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya umisionari ya mwaka 1965, ulitaka makatekista waliojitoa kabisa kwa kazi hiyo walipwe kwa haki, waweze kuishi kwa heshima. Na mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa lote. Kanisa limekwisha sema. Waliosalia ni sisi.

Kijana mpendwa, ukiisikia sauti hiyo, usiikimbie. Soma kwa bidii, lima shamba, jifunze na ufundi, usije ukafundisha kwa ajili ya sadaka tu. Wazazi, msimzuie, nanyi mfundisheni mtoto sala nyumbani, maana katekista hawezi kujenga mahali msipoweka msingi. Wakristo wote, kila jumuiya ihesabu mihogo yake, samaki wake na faranga zake, itenge fungu la mwalimu wake kila mwezi, wala isingoje msaada wa Ulaya.

Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Katekista wetu amechuma juani tangu siku za Mulweba. Kivuli chake kimo mikononi mwetu. Tusimwache mama yule aulize tena swali lake bila jibu.