Vijana wetu si wavivu

Kimbunga Shaheen kilipopiga Batinah Kaskazini Oktoba 2021, vijana walitoka Maskati na mikoa mingine na makoleo yao, wakaenda Suwaiq na Al Khaburah kuzoa tope majumbani mwa watu wasiowajua. Hakuna aliyewasukuma. Leo vijana hao hao, kwenye shughuli zetu za ukoo, tunawaita wavivu. Jamani!

Mimi tatizo naliona kwenye kupanga. Ami anapiga simu saa nne usiku: "Kesho asubuhi uje ubebe viti." Kijana ana zamu kazini, na wala hakuulizwa. Binti aliyesomea uhasibu anawekwa kufuta sahani, na daftari la michango limo mkononi mwa mzee ambaye macho yameshachoka. Ikifika harusi ya tatu, wanatuma riali 5 na hawaji.

Tena yupo mpishi wa kulipwa. Bibi anamwambia apunguze chumvi, mjomba anamwambia aongeze. Maskini, amsikilize nani? Mwenye kauli kwake awe mmoja, na ujira wake ujulikane kabla moto haujawashwa.

Daftari wapewe vijana. Wakubwa wabaki na sufuria, maana kukadiria mchele wa watu 300 kwa jicho hakuna programu ya simu inayofundisha. Na siku itangazwe wiki 2 mbele, Ijumaa au Jumamosi, kila mtu aseme mwenyewe saa ngapi anaweza kuja.