Mwacheni Kocha Arushe Mpira

Jamani, leo mniwie radhi. Najua wengi wenu mkipita hapa mnategemea Simba na Yanga, au foleni ya Ubungo, au mheshimiwa fulani kasema nini bungeni. Leo ni softiboli. Tena softiboli ya watoto wa kike wa miaka saba na minane, huko Marekani. Mnaotaka kucheka chekeni sasa mmalize, kisha tuendelee, maana jambo hili limenikaa kooni tangu Juni 2024 na nimechoka kulimeza.

Nilikuwa kwa kaka yangu, mji mmoja wa jimbo la Ohio. Kaka ni mtoto wa Tanga, amekulia kwenye chandimu kama sisi wote, hakuwahi kugusa softiboli mpaka binti yake alipoingia kwenye timu ya mtaani kwao. Siku ya kwanza wakatafuta mzazi wa kumsaidia kocha kurusha mpira. Wazazi wote wakaanza kutazama viatu vyao. Kaka akanyoosha mkono. Shemeji ananiambia alikuwa akitoka kazini anakwenda kurusha mpira kwenye ukuta wa gereji, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna tatizo.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, wacha nieleze kifupi. Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ni ndugu wa besiboli, ila mpira wake ni mkubwa zaidi na unarushwa kwa chini. Wanaoweza kweli wanazungusha mkono mzima kama pangaboi. Mpigaji anasimama na gongo (sio gongo lile, ninyi nanyi!) akisubiri. Akikosa mipira mizuri mitatu, nje. Akirushiwa mibovu minne, anapewa besi ya kwanza bure, anatembea zake. Shikeni hapo kwenye kutembea, ndipo ugomvi wangu ulipo.

Watoto wadogo hawaanzi hivyo. Kwanza mpira unawekwa juu ya kijiti umetulia, mtoto anaupiga. Akikua kidogo, anarushiwa na kocha. Na sio kocha wa wapinzani, la hasha, kocha wa timu yake mwenyewe. Hebu fikirini uzuri wake. Katika michezo ya namna hii duniani mrushaji kazi yake ni kumshinda mpigaji, isipokuwa huyu mmoja, mtu mzima na kofia yake, amesimama katikati ya uwanja anaomba Mungu apigwe. Mtoto wa timu pinzani anasimama pembeni yake ili adake kitakachokuja. Besi za bure hakuna. Kwenye ligi ya kaka kila mtoto alikuwa na mipira sita, apige au atoke.

Msimu wa 2023 kaka alirusha hivyo. Binti yake, mwanangu huyo, alikuwa na miaka saba. Nilitumiwa video nikiwa Dar, anapiga, anasahau kukimbia, timu nzima inampigia kelele akimbie, anakimbia na gongo mkononi. Niliitazama zaidi ya mara kumi.

Msimu uliofuata ligi ikapiga kura. Makocha watoke kwenye duara, watoto wa miaka minane warushe wenyewe. Ikapita.

Basi nikaenda uwanjani Jumamosi moja. Mimi ni mwandishi wa habari, mkono wangu haukai bila kalamu, nikaanza kuhesabu. Katika vipindi viwili vya kwanza watoto 14 walipewa besi ya bure. Mpira uligongwa mara tatu. Mara tatu! Waliosimama nje kule kwenye nyasi walikuwa wanachuma maua. Mmoja alikaa chini kabisa akaivua glovu akaivaa kichwani, na mimi sikumlaumu.

Mrushaji alikuwa kabinti kembamba, naye ana futi 35 za kurusha, yaani mita kumi na nusu hivi, mpira wenye mzingo wa inchi 11, na anatakiwa aupitishe juu ya kibao cha sentimita 43, kati ya kwapa na magoti ya mtoto mwenzake ambaye naye ni mfupi. Nawaomba mjaribu nyumbani, ninyi wenye miaka 25. Kila mpira ulipokwenda kombo alikuwa anageuka kumtazama baba yake. Kipindi cha tatu akampiga mwenzake mbavuni. Wakalia wote wawili.

Lakini hilo silo lililoniuma zaidi. Lililoniuma ni kaka yangu. Mwanangu alipokwenda kusimama na gongo, kaka, yule yule wa ukuta wa gereji, akaegemea waya akamwambia kwa Kiswahili wengine wasisikie: "Tulia mama. Usipige." Mtoto akatulia. Minne ikapita kombo. Akatembea mpaka besi ya kwanza, na wazazi wote wakapiga makofi wakisema ana jicho zuri. Ndivyo wanavyosifia, jicho zuri. Mara ya pili hivyo hivyo. Alifunga pointi mbili siku ile na gongo lake halikutikisika hata mara moja.

Na kihesabu kaka hakukosea. Ukimuweka mrushaji asiyeweza bado kurusha, mpigaji mwenye akili ni yule asiyepiga. Tumechukua mchezo wa kupiga mpira, tumeupanga ili mtoto anayejaribu aonekane mjinga na anayesimama kama nguzo ya umeme apigiwe makofi. Halafu tunasema tunamfundisha maisha!

Sasa tuje kwa hao waliopiga kura, maana nilikaa nao jukwaani na hoja zao ninazo.

Wanasema watoto watachelewa, kwamba miji ya jirani watoto wanarusha wenyewe, na wakikutana nao wakiwa na miaka kumi watanyanyaswa. Kurusha kunajifunzwa kwa kurudia maelfu ya mara, na hayo maelfu hayapatikani kwenye mechi ya Jumamosi. Yanapatikana uani, kwa mama au baba aliyekaa kwenye ndoo na glovu. Mtoto anayetaka kuwa mrushaji afanye hayo kila jioni, ruksa kabisa. Kwa nini wenzake wanane wageuzwe samani za uwanjani wakati anajifunza? Tena ipo njia ya kati na ligi nyingi za huko zinaitumia: mtoto arushe, akifikisha mipira mibovu minne kocha aingie amalizie, besi ya bure isiwepo. Kaka aliipendekeza. Wakasema itachelewesha mechi. Mechi ambayo mimi nimeiona kwa macho yangu ikichukua karibu saa mbili watu wakitembea!

Wanasema pia mambo ya skolashipu. Hapa Mswahili usicheke, kwa sababu ni kweli. Tangu sheria yao ya Title IX ya mwaka 1972 vyuo vya Marekani vinalazimika kuwapa wasichana nafasi ya haki kwenye michezo, na softiboli imesomesha wengi. Mzazi anayelipia nyumba, gari na bima akiona mlango wa ada, anaukimbilia, na hata mimi ningeukimbilia. Lakini sheria za NCAA zenyewe haziwaruhusu makocha wa vyuo kuanza mazungumzo ya kumsajili mchezaji wa softiboli mpaka Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari. Huyo ni binti wa miaka 16 hivi. Wewe wa kwako ana minane na bado anaacha taa inawaka usiku. Unamkimbiza wapi?

Na bega lake je? Kuna imani kwamba kurusha kwa chini hakuumizi kwa sababu ndivyo mkono unavyoning'inia wenyewe. Watafiti wamepima nguvu zinazolikamata bega la mrushaji wa softiboli tangu miaka ya 1990, na hazipishani sana na za besiboli. Kwa besiboli, mwaka 2014 MLB na USA Baseball walitoa mwongozo wa Pitch Smart unaosema mtoto wa umri gani arushe mipira mingapi na apumzike siku ngapi. Softiboli muda mrefu ilikaa na ile imani yake. Na kwenye ligi ya watoto wanane wa miaka minane, akipatikana mmoja anayejua kuupitisha mpira juu ya kibao, mnadhani kocha atampumzisha? Atamtumia mpaka akome.

Hoja ya tatu nawapa, maana mkweli hachagui ukweli. Wanasema makocha wanaiba. Kweli wapo. Kuna kocha nilimwona kwenye video za msimu wa 2023, binti yake akisimama mpira unakuja laini pale pale, mtoto wa mwenzie akisimama mpira unakuja kama umetumwa na mganga. Wazima na ujanja wao kwenye michezo ya watoto tunawajua, huko na huku. Mwaka 2001 timu moja ya Bronx ilifutiwa ushindi wake wote kwenye mashindano ya dunia ya Little League kwa sababu mrushaji wao alikuwa na miaka 14, sio 12 kama vyeti vilivyosema. Tulidhani kughushi umri ni kipaji cha kwetu peke yetu? Lakini ukimkamata kocha mwizi unamwondoa kocha, humwondolei mtoto mpira. Mpe kazi mzazi asiye na mtoto kwenye timu, au kijana wa sekondari, basi.

Na nyinyi makocha waungwana msijione mmepona. Wengi wenu hamjui kurusha! Mnaona huruma, mnaurusha juu juu polepole kama mnamtupia mtoto mchanga pipi. Mpira wa hivyo unashuka kutoka juu karibu wima, na gongo la mtoto linapita ubavuni, vinakutana sehemu ndogo sana. Na kuna zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, walipima jinsi watoto wanavyoona mwendo, wakakuta jicho la mtoto linasumbuka na mwendo wa polepole kuliko wa haraka. Kwa hiyo ule upole wenu unamchanganya. Rusheni kwa chini, mpira unyooke, uwe na mwendo kidogo, kila mara vile vile. Pigeni goti kama ninyi ni warefu. Kaka aliligundua hili mwenyewe pale ukutani, bila profesa.

Mtasema natetea ndugu yangu. Natetea, ndiyo. Lakini mimi nimekulia kwenye vumbi nikitazama dada zangu wakicheza rede. Hakukuwa na kocha, hakukuwa na mzazi hata mmoja wa kupiga kura, na mtoto mdogo akiingia kati, wale wakubwa wa kurusha walikuwa wanapunguza mkono wenyewe, wanamrushia mpira wa kukwepeka, mpaka azoee. Hakuna aliyewaandikia kanuni. Watoto wa miaka kumi na moja walijua kitu ambacho ukumbi mzima wa wazazi wenye digrii kule Ohio umeshindwa kukiona.

Siku mbili kabla sijaondoka nilimchukua mwanangu uani. Nikamwambia leo Ba'mdogo ndiye kocha. Nikapiga goti, nikarusha. Ukapita. Nikarusha wa pili, huo ulikuwa mzuri kabisa, katikati, hata kipofu angeugusa. Ukapita. Wa tatu, ukapita. Gongo begani, ametulia kama sanamu ya Askari pale Posta.

"Mbona hupigi, mama?"

"Nasubiri minne, Ba'mdogo."

Tukakaa pale mpaka giza likaingia. Mpira wa ishirini na kitu ndio aliupiga, ukaenda kwa jirani, na safari hii jirani aliurudisha mwenyewe bila kuuliza swali. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Hakusema neno, akaingia ndani akarudi na glovu.

Ligi inapiga kura tena kabla ya msimu mpya. Kaka ameniomba haya niliyoyaandika ayatafsiri akawasomee. Nimemwambia sehemu ya "Usipige" asiifute.