Usimwue Nzi Usiyemjua

Wakulima wengi wa skimu wakiona funza juu ya sukuma wiki hukimbilia bomba la dawa. Mimi pia nilifanya hivyo. Vidukari walikuwa wamejaa chini ya majani, na katikati yao mlikuwa na mabuu laini ya kijani. Nikadhani wote ni adui. Nilipulizia dawa, wakafa wote, nikafurahi. Baada ya majuma matatu vidukari walirudi, wengi kuliko kwanza, lakini mabuu yale sikuyaona tena.

Kumbe yalikuwa watoto wa nzi-maua, yule nzi mwenye mistari myeusi na ya manjano ambaye husimama hewani juu ya ua kana kwamba ametundikwa kwa uzi. Buu lake moja laweza kula vidukari mamia kabla ya kuwa nzi. Kiwavi ana kichwa na miguu. Buu hili halina miguu, na upande wa mbele limechongoka. Nzi mwenyewe huuawa bure kwa kudhaniwa nyigu. Hesabu mabawa: nyigu ana manne, nzi ana mawili tu, wala hana mwiba.

Wengine watasema hayo yatosha. Mimi nasema hayatoshi, maana nzi-maua si wa namna moja. Yuko afananaye na nyuki dume, ambaye buu lake lina mkia mrefu kama wa panya na hukaa katika maji machafu ya zizi. Huyo hali kidukari hata mmoja. Wako tena wa jamii ya Eumerus, ambao mabuu yao huingia ndani ya vitunguu, hasa vilivyoanza kuoza.

Taabu kubwa ni wale walio ndugu wa karibu, kama Ischiodon aegyptius wa Afrika na Ischiodon scutellaris wa Asia. Rangi hudanganya. Huko Ulaya, nzi aitwaye Episyrphus balteatus akikulia katika baridi hutoka mweusi zaidi. Hata dume na jike huweza kudhaniwa namna mbili, kwa kuwa macho ya dume mara nyingi hugusana utosini na ya jike hayagusani. Kwa hiyo mabingwa hutazama mishipa ya bawa na sehemu za uzazi za dume kwa darubini.

Kazi hiyo ya darubini si yetu. Yetu ni kuwapa mabingwa kitu cha kutazama. Usimpelekee Bwana Shamba buu lililopondwa. Litie katika chupa pamoja na jani lenye vidukari, funika kwa kitambaa, ngoja litoke nzi, kwani nzi mzima hutambulikana upesi kuliko buu. Na kila Bwana Shamba, kwa maoni yangu, angepewa lenzi ya mkono kabla ya kupewa orodha nyingine ya dawa.

Msimu huu nimeacha mstari mmoja wa dania utoe maua kando ya sukuma wiki. Nzi-maua wamerudi, na bomba liko ghalani.