Toa gia, weka breki!

Wiki hii naomba tuache kidogo mambo ya mapenzi na viwalo, tuongelee baiskeli. Usicheke! Najua wewe wa mjini baiskeli unayoijua ni ya mazoezi, Jumamosi asubuhi, na kikaptura cha kubana. Sisi wa Bukene, wilaya ya Nzega, baiskeli ni gari la familia. Inabeba mpunga kwenda mashineni, inabeba mgonjwa kwenda kwa daktari, inabeba mwanafunzi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili inabeba na tope juu yake. Bodaboda zipo kibao, sikatai, lakini bodaboda inataka mapene kila siku, na baiskeli inataka wali maharage tu wa mwenye miguu.

Sasa nataka nikueleze jinsi nilivyounda baiskeli ya masika kwa bei ya kapuku. Lakini ili unielewe kwa nini nimeng'ang'ania breki kama mtu aliyelogwa, inabidi kwanza nijianike.

Nilikuwa na Phoenix nyeusi ya marehemu babu. Siku moja nikaona kwenye simu picha za vijana wa New York na London wakiwa na baiskeli zao za gia moja. Hazina waya, hazina breki, na pedeli haziachii. Maana yake tairi likizunguka pedeli nazo zinazunguka, na ukitaka kusimama unakaza miguu. Mwanangu, nikazimika! Nikaikokota Phoenix ya babu mpaka kwa fundi.

“Fundi, hii fri nichomelee isiachie. Na hizi breki za vyuma ng'oa zote, zinaharibu shepu.”

“Dogo, una uhakika?”

“We choma tu, fundi.”

Akachoma. Wiki mbili nilitamba Bukene nzima. Watoto wananikimbilia, mimi naenda mbele, nasimama bila kugusa kitu, naonekana mchawi. Halafu ikafika asubuhi moja ya Januari 2023. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nyuma kwenye keria nimempakia mdogo wangu wa kike, ndiyo kwanza kaanza kidato cha nne, begi la shule mgongoni. Tunakaribia kuvuka reli, si unajua reli ya Tabora kwenda Mwanza inapita hapa hapa kwetu, nikasikia honi. Treni ya mizigo.

Nikakaza miguu kurudisha pedeli nyuma. Ikalia “kra!”, halafu pedeli zikawa nyepesi. Zinazunguka kinyumenyume, hazishiki kitu. Breki sina, nilishazing'oa. Mdogo wangu anauliza, “Kaka, mbona husimami?”

Niliilaza baiskeli ubavu, tukaangukia topeni. Treni ikapita. Niliyahesabu mabehewa nikiwa nimelala pale pale, sijui kwa nini, yalikuwa 21. Mdogo wangu alivunjika mkono wa kulia juu kidogo ya kiganja, akafungwa hogo wiki sita, akaanza kidato cha nne kwa kuandika na mkono wa kushoto. Mama hakunigombeza. Aliniambia tu, “Haya baba, umeona.” Bora angenichapa.

Baadaye ndiyo nikaelewa kilichotokea, na naomba wewe uelewe kabla, kwa sababu vijana bado wanachomelea fri mpaka leo. Fri inafungwa kwenye habu kwa uzi, kama kifuniko cha chupa. Ukipiga pedeli kwenda mbele unaikaza, kila siku inazidi kukaza. Ukikaza miguu kurudi nyuma unafanya nini? Unaifungua! Fundi alikuwa amechomelea matumbo ya fri yasiachie, lakini fri yenyewe na habu bado ni uzi tu. Baiskeli zilizotengenezwa kiwandani kwa mtindo ule zina uzi wa pili kwenye habu, unaofungwa kinyume, na nati yake ya kuzuia. Habu ya Phoenix haina. Na ukisema basi uchomelee fri pamoja na habu, moto unaharibu njia ya gololi, na siku meno yakiisha unatupa habu nzima.

Isitoshe, hao Wazungu tunaowaiga wana sheria. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1983, hata baiskeli ya pedeli zisizoachia lazima iwe na breki ya mbele. Februari 2016 kijana mmoja wa London akiwa na baiskeli ya aina hiyo, haina breki ya mbele, alimgonga mama aliyekuwa anavuka barabara, yule mama akafariki. Mwaka 2017 kijana akafungwa miezi 18. Kwenye picha za simu hayo hayamo.

Lakini kitu kimoja wale jamaa wamepatia. Vilabu vya baiskeli vya Uingereza tangu zamani vilikuwa vinatumia gia moja wakati wa baridi na mvua, na sababu yao ni hiyo hiyo ya Bukene: vipuri vichache, tope halina pa kujificha. Baiskeli ya gia ikiingia kwenye mbuga zetu, ule udongo mweusi unaonata kama ugali, siku tatu tu cheni inaruka, waya umegoma, kile kimkono cha kubadilisha gia kimeingia kwenye spoki. Ndiyo maana kila kijiji kina baiskeli za gia zimesimamishwa nyuma ya nyumba, nzima kabisa, ila gia zimekufa.

Hapo ndipo penye dili. Mimi yangu niliipata Nzega mjini, mtumba, gia zimekufa, mwenye nayo kachoka. Tulianza kwa 150,000, tukabishana mpaka soda zikaisha, nikaichukua kwa 90,000. Watu wakanicheka kununua kimeo. Wao walikuwa wanaangalia gia. Mimi nilikuwa nimechuchumaa naangalia karibu na ekseli, upande wa kushoto, kama ina breki za diski.

Nikueleze kwa nini diski. Breki za kawaida zinabana ringi, na ringi ndiyo inayolala kwenye maji na tope. Ringi za Phoenix ni chuma kinachong'aa. Zikilowa, raba inateleza kama sabuni, unabana na baiskeli inaendelea na safari zake. Diski imekaa juu huko katikati ya tairi, tope haliifikii kirahisi, na hata ikilowa pedi zinaikausha kwa mzunguko mmoja au miwili. Halafu ringi ikipinda kidogo kwa kupiga shimo, breki haijui.

Usinunue kabla hujanyanyua tairi ukalizungusha. Diski isipepesuke, ile skrubu yake isipungue hata moja, kwa kawaida zinakuwa sita. Chagua ya kuvutwa kwa waya. Zile za mafuta ni nzuri ile mbaya, lakini zikivuja ukiwa Mambali utampata wapi mtu wa kukujazia? Waya unauzwa kila duka. Na spoki zibonyeze mbili mbili kwa vidole, zote ziwe zimekaza, kwa sababu breki ya diski inavutia katikati na nguvu yote inapita kwenye spoki kwenda kwenye ringi. Spoki legevu zitaanza kukatika moja moja.

Basi nikaenda nayo kwa fundi yule yule. Akaniangalia. “Leo unachoma nini?” Nikamwambia leo hatuchomi, tunafungua.

Tukafungua rundo lote la gia za nyuma. Baiskeli nyingi za bei poa rundo hilo linafungwa kwa uzi ule ule wa fri ya kawaida, kwa hiyo fri moja ya meno 18, ya 7,000, ikaingia bila kelele. Mbele tukabakiza meno 32. Kwa hesabu hiyo ukizungusha pedeli mara moja unasogea kama mita 3.6. Ni kidogo, Phoenix itakupita kwenye barabara kavu mpaka ikupungie mkono. Lakini kwenye tope, na gunia nyuma, Phoenix inasukumwa kwa mikono na mimi bado nimekaa kwenye siti.

Cheni mpya 8,000, ile pana ya kawaida, inakubali meno yote. Ichungulie kutoka nyuma, iende imenyooka mbele mpaka nyuma. Hapa kuna kasheshe moja. Phoenix ina nafasi ndefu ya kuvutia tairi nyuma ili cheni ikaze, ila fremu nyingi za baiskeli za gia ekseli inaingia kwa kwenda juu, huwezi kuivuta. Usitupe kile kimkono cha gia! Kiache pale pale, kifunge kwa skrubu zake kisicheze kushoto wala kulia, kazi yake sasa ni kukaza cheni tu. Na ndiyo sababu nyingine fremu hiyo usiifanyie ushamba wa pedeli zisizoachia, maana ukirudisha nyuma unakivuta kimkono chenyewe.

Pedi za breki jozi mbili 10,000, waya 4,000, ufundi 10,000. Jumla na baiskeli yenyewe ni 129,000. Madigadi nilikata dumu la lita 20 nikalifunga juu, mbali na tairi. Yale madigadi ya kiwandani yanakaa karibu mno, udongo wa mbuga ukijaa pale ndani tairi halizunguki tena, unabaki unasukuma sanamu. Kama hela haitoshi breki mbili, weka diski ya mbele kwanza. Najua tumefundishwa tangu watoto kwamba breki ya mbele inapindua mtu. Inampindua anayeibana kwa hasira. Ibane polepole ukiongeza, ndiyo inayosimamisha baiskeli kuliko ya nyuma, ingawa ukiwa na abiria kwenye keria ya nyuma nayo inafanya kazi ya maana.

Sasa oili. Sisi huku dawa ya kila kitu ni oili chafu ya gari. Baiskeli inalia, tia oili. Inanyamaza, tia tena. Kwenye diski, tone moja tu na pedi zimekwisha, zitalia kama mbuzi na hazitashika. Cheni ipake kwa kitambaa, diski ifute kwa spiriti na kitambaa kingine kabisa. Na usiiguse kwa kidole ukitoka kuibana sana, inaunguza. Nimeshajaribu, msinifuate.

Kuna mzee mmoja wa kijiwe chetu aliniuliza kwa nini nisisubiri kiangazi kama watu wenye akili. Ana hoja. Hata yule Speke alipotoka Kazeh, yaani Tabora, kwenda kaskazini kulitafuta ziwa, ilikuwa Julai 1858, ardhi imekauka. Lakini Speke hakuwa na mdogo wake wa kumuwahisha namba asubuhi ya Januari.

Ilichukua miezi minne kumshawishi apande tena. Alikuja, akainama, akabana breki ya mbele mwenyewe, akaisukuma baiskeli kwa nguvu zake zote, ikagoma. Akabana ya nyuma. Ndipo akakaa kwenye keria. Tukatoka vizuri, tope limetulia, namsikia anaimba polepole nyuma yangu. Tulipoikaribia reli nikabana mapema, tukasimama mbali, hakuna hata treni. Akashuka, akavuka kwa miguu na begi lake, akanisubiri ng'ambo. Mpaka leo anafanya hivyo, na mimi simwambii kitu.