Nani Kawaambia Tunataka Maelezo?
Na Bi Kurunzi

Wiki hii nina hasira, na sioni sababu ya kuificha. Jumamosi usiku nilikuwa kwa kaka yangu Tabata, katika sebule ileile mnayoijua wasomaji wa safu hii, ya feni yenye kelele na wifi zangu wasiokosa tamthilia ya Kituruki hata umeme ukikatika. Safari hii niliomba mimi tuangalie The Innocents, filamu ya mwaka 1961 ya mwongozaji Mwingereza Jack Clayton. Wifi zangu wakakubali. Rimoti akaishika mtoto wa kaka, kijana wa chuo ninayempenda sana.

Filamu hii inaanza na giza. Kioo cheusi tii, sauti ya mtoto wa kike inaimba taratibu, na hata nembo ya kampuni bado haijatokea. "Shangazi, faili bovu hili," akasema, akasogeza mbele. Nikanyamaza. Watoto wa kwenye filamu walipoanza kucheza kombolela ndani ya lile jumba, akasogeza tena. Tukafika ziwani, mchana kweupe, mwanamke mwenye nguo nyeusi amesimama katikati ya matete ng'ambo ya maji, hasogei, hasemi. Akasogeza.

"Mbona unaruka?" nikamuuliza.

"Hapa hakuna kitu, Shangazi. Kasimama tu."

Kasimama tu! Hiyo ndiyo picha ya kutisha kuliko zote nilizowahi kuziona kwenye filamu, na imerukwa kwa kuwa mtu ndani yake hakukimbia, hakupiga kelele, wala hakutoa damu mdomoni.

Kwa wasioijua, filamu hii imetokana na hadithi ya Henry James, The Turn of the Screw, iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la Collier's la Marekani mwaka 1898. Binti wa mchungaji, umri miaka 20, hajawahi kufanya kazi popote, anaajiriwa na bwana mmoja tajiri wa London kuwalea na kuwafundisha watoto wawili yatima wa ndugu yake, Miles na Flora, katika jumba la shambani liitwalo Bly. Sharti la kazi ni moja: asimsumbue huyo bwana kwa lolote, kamwe. Binti anafika, watoto ni wazuri na wana adabu za kupendeza. Kisha anaanza kuwaona watu wawili ambao, anakuja kuambiwa, wamekwishakufa: Peter Quint, mtumishi wa kiume wa bwana huyo, na Bi Jessel, mwalimu aliyemtangulia. Mama mtunza nyumba, Bi Grose, hawaoni. Watoto wanasema hawaoni. Na sisi wasomaji tunasimuliwa yote na binti huyohuyo.

Hebu tulitazame lile sharti. Msichana anakabidhiwa watoto wa watu, nyumba kubwa kuliko kijiji alikotoka, na anaambiwa usipige hodi, usiandike barua, lolote litakalokupata malizana nalo. Miji yetu imejaa wasichana waliopewa sharti hilihili na matajiri wao, na kina mama wengi wanaosoma gazeti hili wanalijua vizuri. Mimi naamini hofu yote ya Bly inaanzia kwenye mazungumzo yale ya kuajiriwa, kabla mzimu wowote haujatokea. Clayton alilijua hilo, ndiyo maana akampa Michael Redgrave nafasi ya yule bwana kwa dakika chache tu mwanzoni: mchangamfu, mtanashati, na hana habari kabisa na watoto wa ndugu yake. Kisha tunamwacha London, hatumwoni tena.

Turudi kwenye kombolela, maana hapo ndipo kijana alipopoteza filamu nzima bila kujua. Katika kitabu, binti anamwona mwanamume dirishani, anamweleza Bi Grose alivyo, nywele nyekundu, hana kofia, na Bi Grose anashtuka na kulitaja jina la Quint. Binti hajawahi kumwona Quint wala picha yake. Huo ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba mizimu ilikuwepo kweli. Filamu ya Clayton iliandikwa na William Archibald na Truman Capote, na wao wakaligusa jambo hilo kwa ujanja mkubwa. Katika mchezo wa kujificha, mwalimu anapanda darini na kukuta kijipicha cha mwanamume, kioo chake kimepasuka. Anakitazama. Muda mfupi baadaye anajificha nyuma ya pazia, na uso uleule unamjia dirishani kutoka gizani.

Je, kamwona Quint, au kaiona picha aliyotoka kuishika mkononi? Tangu hapo mtazamaji hana pa kuegemea. Ni kijipicha cha sekunde chache tu, nacho kinabeba uzito wa filamu nzima. Kijana akakiruka, halafu mwisho wa filamu, Miles akiwa amelala mikononi mwa mwalimu wake, akanigeukia: "Sasa Shangazi, mizimu ilikuwepo au haikuwepo?" Sikuwahi kujibu. Alishatoa simu, akafungua ukurasa wa mtu anayeeleza mwisho wa filamu, akatusomea kwa sauti kwamba mwalimu alikuwa mgonjwa wa akili. Wifi zangu wakaitikia, "Aaa, kumbe!" Taa ikawashwa. Wali ukapakuliwa.

Hilo "kumbe" ndilo lililonichoma. Wasomi wanabishana juu ya hadithi hii tangu enzi za babu zetu. Mwaka 1934 mhakiki wa Marekani Edmund Wilson aliandika kwamba mizimu ile ni ndoto za binti aliyezibana hisia zake za kimapenzi, na wenzake wakamjia juu. Mabishano hayajaisha, nayo ndiyo raha yenyewe. James aliijenga hadithi ili kila upande uwe na ushahidi wake na kila ushahidi uwe na tundu. Kuja mtu na simu akalifunga shauri hilo kwa sentensi mbili ni kuharibu kitu ambacho hakukitengeneza.

Lakini kijana simlaumu peke yake. Kalelewa na filamu zinazomwogopa. Jumapili alitaka kunionyesha kwamba hadithi hiyohiyo "imeboreshwa", akaniwekea The Turning ya mwaka 2020, ya mwongozaji Floria Sigismondi. Nimeitazama mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka. Wameihamishia mwaka 1994, kwenye jumba la Maine, Marekani. Mwalimu, Kate, wamempa mama aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ili tukiwa na shaka tujue wazimu ameurithi wapi. Kila mlango unajibamiza. Kila kioo kina uso. Kila dakika chache mtu anakurukia masikioni kwa kelele. Halafu, baada ya kutupigia makelele saa nzima na zaidi, wanaturudisha nyuma, wanatuambia sehemu kubwa tuliyoiona haikutokea, na filamu inakatika. Watazamaji wa Marekani waliohojiwa na CinemaScore wakitoka ukumbini waliipa F, daraja ambalo hata filamu mbaya hulipata kwa nadra. Walistahili kukasirika. Waliahidiwa jibu filamu nzima, wakanyimwa jibu na wakanyimwa hata swali lenyewe.

Kabla ya hapo, mwaka 1971, Michael Winner alitengeneza The Nightcomers, akamtafuta Marlon Brando acheze Peter Quint akiwa hai. Lengo lilikuwa kutueleza Quint na Bi Jessel waliishije na walikufaje. Nani aliuliza? Quint wa kitabu anatisha kwa sababu tunamjua kwa minong'ono ya Bi Grose, mama anayeanza sentensi na kuimeza. Ukimleta Brando chumbani, umeleta mtumishi mkorofi wa kawaida, na wa namna hiyo wapo kila mtaa.

Netflix nao mwaka 2020 wakatoa The Haunting of Bly Manor ya Mike Flanagan, sehemu tisa. Huyu nitamtendea haki: anaipenda hadithi. Mhusika wake mkuu kampa jina la ukoo Clayton, na ule wimbo wa gizani wa filamu ya 1961 kautumia. Ameficha mizimu pembeni mwa picha, kwenye vioo na chini ya ngazi, na hapo nilimpigia makofi. Kisha ikaja sehemu ya nane, ambamo anasimama kutueleza laana ya jumba ilianzaje, nani alimkosea nani, na kwa nini mwanamke wa ziwani hutembea usiku. Nililia, kwa kuwa ni simulizi nzuri ya mapenzi na huzuni. Ila sikuogopa tena hata kidogo.

Wakubwa wenzangu mtakumbuka mabanda ya video, na sauti ya marehemu Lufufu ikitutafsiria filamu za Kichina na za Kihindi. Alikuwa fundi, na nitabishana na yeyote anayemdharau. Lakini kazi yake ilikuwa kufanya kimya kisiwepo, kwa maana banda lililojaa watu likinyamaza, watu wanadai pesa yao. Watengenezaji wa leo wa Marekani wana watafsiri wao ndani ya filamu zenyewe, na hofu yao ni hiyohiyo ya pesa. Wanaogopa sekunde kumi ambazo mtu aliyekaa kwenye kochi anaweza kuangalia simu. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, na mimi siukubali utetezi wa kwamba zama zimebadilika. Woga wa binadamu haujabadilika.

Tazameni Clayton alivyofanya. Studio ilimtaka atumie kioo kipana cha CinemaScope, ambacho hakikufaa kwa hadithi ya kujibana. Mpiga picha wake, Freddie Francis, akatengeneza vichujio akavipaka rangi pembeni, kingo za picha zikazama gizani na mwalimu akabaki kwenye mwanga mdogo katikati. Unamwangalia Deborah Kerr, anayecheza mwalimu, na mshumaa wake, na macho yako yenyewe yanakwenda pembeni kutafuta. Mara nyingi tunauona kwanza uso wake ukibadilika, ndipo tunaonyeshwa alichokiona. Quint anapotokea juu ya mnara, mwalimu yuko bustanini anakata waridi jeupe. Mkasi unamtoka unaingia majini, na sauti za ndege zinakatika. Na kuna chumba cha masomo: Bi Jessel amekaa mezani analia, mwalimu anamwendea, hayupo, na pale mezani limebaki tone la chozi. Mwalimu analigusa kwa kidole. Limelowa.

Mwenye kusema wazimu aniambie chozi hilo ni la nani. Mwenye kusema mizimu aniambie kwa nini Bi Grose haoni kitu. Nimeitazama mara nyingi na kila upande nikiwa na hoja, na siombi mtu yeyote anisaidie kumaliza.

Kwa hiyo nawasihi, hasa ninyi wenye vijana nyumbani. The Turn of the Screw ni kitabu kifupi, na mwandishi wake alifariki mwaka 1916, hivyo kinapatikana bure na kihalali mtandaoni. Kisomeni kwanza. Kisha tafuteni The Innocents muitazame yote, pamoja na lile giza la mwanzo. Bly Manor mnaweza kuitazama kwa ajili ya machozi. The Turning iacheni hukohuko iliko.