Jina la Jirani Yako Limo?



Unaujua mfereji wa maji. Watu wa juu wakichukua maji yote, shamba la mwisho hukauka. Matibabu nayo yako hivyo.

Hapa Tanzania wagonjwa walianza kuchangia gharama za hospitali mwaka 1993. Lakini si wote waliotakiwa kulipa. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilitaja watu wa kutibiwa bila malipo. Miongoni mwao ni mama wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nayo inataka wasio na uwezo watambuliwe.

Mjamzito huonekana. Mtoto ana kadi ya kliniki. Lakini mganga atajuaje kwamba mzee huyu hana kitu? Wanaojua ni ninyi majirani.

Basi majina yasiandikwe kwa siri. Kwa siri, mwenye ng'ombe huweza kuandikwa, na mjane wa mwisho wa kijiji akasahauliwa. Akiugua, ataogopa kwenda zahanati. Atalala ndani mpaka azidiwe.

Fanyeni hivi:

Ombeni orodha isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji.
Aliyesahauliwa, mtajeni.
Asiyestahili, semeni bila kuogopa.
Asiyeweza kufika, jirani amsemee.

Mfereji mzuri hufikisha maji shamba la mwisho.